Mgonjwa amefumbua macho lakini hajibu: tuelewane kuhusu koma na yanayofuata ubongo ukiumia

Nesi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema? Nimeuguza miaka mingi wodi ya wagonjwa mahututi hapa Mbeya, na swali ninaloulizwa na ndugu kuliko yote ni moja: "Sista, amefumbua macho. Si ndiyo ameamka?" Jibu lake haliingii kwenye dakika mbili za korido huku mashine ya kitanda cha jirani inalia. Ndiyo maana nimefungua uzi.

Sisi wa Nyanda za Juu tatizo hili tunalo mlangoni. Barabara ya kwenda Tunduma inatupita katikati, malori yanateremka Inyala na Iwambi, ukishapita Iringa kuna mteremko wa Kitonga, na bodaboda wanabeba abiria wawili watatu "mishikaki" bila kofia. Kila anayeumia kichwa vibaya ana mama, mke au mdogo wake aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi akisubiri neno, na neno tunalompa mara nyingi hatujamfafanulia.

Nianze na koma yenyewe. Mtu aliye kwenye koma hafumbui macho hata ukimminya kucha kwa nguvu. Hana usiku wala mchana, halali na kuamka kama sisi. Ndani ya shina la ubongo, pale chini ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna mtandao wa neva unaouweka ubongo wote macho. Moruzzi na Magoun waliuonyesha mwaka 1949. Mtandao huo ukiumia, au ganda la ubongo la pande zote mbili likizimika kwa kukosa hewa, sukari au damu, mtu anaingia koma.

Sasa hapa ndipo watu wengi hawajui: koma haikai miaka. Kwa kawaida haivuki wiki 2 hadi 4. Baada ya hapo mgonjwa amefariki, au ameanza kurejea, au amefumbua macho bila kuonyesha kwamba anajitambua. Hilo la tatu ndilo linalowachanganya ndugu, kwa sababu kuwa macho ni kazi ya sehemu moja ya ubongo na kujitambua ni kazi ya sehemu nyingine. Shina linaweza kupona mapema, macho yakafunguka asubuhi na kufungwa usiku, mtu akapiga miayo, akaguna, akatoa machozi, akasaga meno, na bado hajui yuko wapi wala nani amesimama mbele yake.

Hali hiyo Jennett na Plum waliipa jina mwaka 1972, jina lililomfananisha mgonjwa na mmea. Mwaka 2010 wataalamu wa Ulaya wakapendekeza iitwe hali ya kuwa macho bila kuitikia. Mimi nalipenda hilo la pili, maana linasema kile tu tunachokiona kitandani, haliapi kwamba ndani hamna mtu.

Juu ya hapo kuna ngazi nyingine iliyotengwa rasmi mwaka 2002: fahamu ndogo. Huyu anajitambua, lakini kwa vipande. Leo asubuhi anakufuata kwa macho, jioni hapana. Kesho anakamata kikombe ukimpa, keshokutwa anakitazama tu. Kumpata kunahitaji mtu mwenye subira, na mtu huyo mara nyingi ni ndugu, siye daktari anayepita raundi dakika tano.

Karibuni muulize.

Kyela Mpunga

Ugonile dada. Asante kwa uzi. Shemeji yangu alipata ajali, tukaambiwa "GCS yake ni tano". Sisi tukajua ni tano kwa mia! Hebu tufafanulie hiyo namba maana tulikaa nayo kama matokeo ya mtihani.

Nesi wa Uyole

Ndaga, kaka. Pole sana na shemeji.

GCS ni kifupi cha Glasgow Coma Scale, kipimo cha koma kilichopewa jina la Glasgow, mji wa Uskoti. Teasdale na Jennett walikitoa mwaka 1974 ili mganga wa zamu ya usiku na wa zamu ya asubuhi waongee lugha moja. Tunaangalia mambo matatu. Macho: alama 1 hadi 4. Maneno: 1 hadi 5. Mwendo wa viungo: 1 hadi 6. Jumla ya juu ni 15, na ya chini kabisa ni 3, haipo sifuri. Mzima anayesoma uzi huu ana 15. Ikiwa 8 kushuka tunahesabu jeraha ni kubwa, na hapo mara nyingi ndipo tunafikiria kumwekea mpira wa kupumulia.

Lakini usiishie kwenye jumla. Mwombe nesi akutenganishie. Mgonjwa mwenye mpira kooni hawezi kuongea, kwa hiyo kwenye maneno anapata 1 au tunaandika tu kwamba ana mpira. Hapo jumla inamwonea. Kinachotuambia zaidi ni mwendo wa viungo. Ukimminya, anaupeleka mkono kuondoa mkono wako? Hiyo ni 5. Anavuta tu mkono wake nyuma? 4. Anakunja mikono kifuani kwa kukakamaa, 3, au anainyoosha ngumu pembeni, 2. Watu wawili wana jumla moja na hali zao haziko sawa hata kidogo.

Na ulizeni kama amepewa dawa za usingizi. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia mara nyingi amelazwa kwa dawa kwa makusudi, na namba iliyopimwa chini ya dawa haiwezi kumhukumu.

Kwa watoto wadogo, hasa wenye malaria iliyopanda kichwani, kuna kipimo kingine ambacho kimetoka jirani zetu kabisa, Blantyre kule Malawi. Molyneux na Taylor walikieleza mwaka 1989. Kinaanzia 0 hadi 5, kwa sababu mtoto asiyejua kuongea huwezi kumuuliza leo ni siku gani, unaangalia analiaje.

Derewa wa Tunduma

Kwa hiyo sista nikielewa vizuri: injini inanguruma, taa zinawaka, ila hatujui kama dereva yupo kwenye usukani?

Nesi wa Uyole

Umeelewa kaka. Ongeza moja tu: kuna anayekuwepo kwenye usukani lakini mikono na miguu havimtii. Kiharusi au jeraha likikata shina la ubongo mahali fulani, mtu anabaki na akili yake timamu, anasikia kila kitu, ila hawezi kusogeza chochote isipokuwa kope na macho kwenda juu na chini. Ukimwangalia unasema ni koma. Kwa hiyo mgonjwa yeyote aliyefumbua macho, kabla hamjakata tamaa, mwambieni: "Tazama juu. Sasa tazama chini." Mkipata jibu, mwiteni daktari hapo hapo.

Binti Makete

Naomba nichangie upande wa kwetu. Huku Makete na Njombe, Juni na Julai barafu inalala kwenye majani. Watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, wanaziba hadi chini ya mlango. Asubuhi familia nzima haiamki. Wanaopona mtu anasema walirogwa. Je, hiyo nayo ni koma?

Nesi wa Uyole

Kamwene dada. Ndiyo, na ni ya kuogopwa sana. Mkaa ukiungua mahali pasipo hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na inajishikiza kwenye damu mahali pa oksijeni. Ubongo unakosa hewa wakati mtu anajiona ana joto zuri la usingizi. Ukiwakuta: wote nje kwenye hewa safi kwanza, wewe usikae ndani kuchunguza, kisha hospitali wapewe oksijeni. Hata yule aliyeamka na maumivu ya kichwa tu aende. Kuna wanaoamka vizuri kabisa, halafu baada ya siku au wiki kadhaa wanaanza kusahau, kuchanganyikiwa, kukakamaa. Mjue kwamba ni sumu ile ile, msianze kutafuta aliyewatupia kitu.

Jambo lingine ambalo ndugu wanastahili kuambiwa wazi: ubongo uliokosa hewa unapona kwa shida kuliko uliogongwa. Ndiyo maana waganga wanatofautisha muda. Aliyekaa macho bila kuitikia baada ya kukosa hewa au kiharusi, ikipita miezi 3 tunasema hali imekuwa sugu. Aliyeumia kwa ajali tunasubiri hadi miezi 12. Na tangu mwongozo wa Marekani wa mwaka 2018 neno "sugu" ndilo linalotumika badala ya "ya kudumu", kwa sababu wachache wanaendelea kubadilika hata baada ya hapo.

Mlezi

Dada naomba unisikilize. Mume wangu alianguka na pikipiki. Kwenye hospitali moja, siitaji, tuliambiwa "ubongo umekufa, mchukueni". Lakini alikuwa anapumua mwenyewe! Anafumbua macho! Wakwe wakaanza kupanga mazishi, mimi nikagoma, ikawa ugomvi wa ukoo mzima. Sasa yuko nyumbani Mbalizi, analishwa kwa mpira wa puani. Wakati mwingine nikimwita naona kama ananitafuta kwa macho. Mama mkwe anasema najipa moyo. Nani yuko sahihi?

Nesi wa Uyole

Pole sana mdogo wangu. Nimesoma ujumbe wako mara kadhaa.

Kwanza hilo la ubongo kufa. Ubongo uliokufa ni kifo. Mtu huyo hapumui kabisa bila mashine, mboni haziitikii mwanga, hakohoi ukimgusa koo, macho hayasogei, na kabla ya kutamka hivyo madaktari wanatakiwa wajue chanzo na wahakikishe hakuna dawa za usingizi au baridi kali ya mwili inayodanganya. Anayepumua mwenyewe na kufumbua macho ubongo wake haujafa. Ameumia vibaya, ndiyo. Hajafa. Aliyekuambia vile alichanganya vitu viwili, na ulifanya sawa kugoma.

Pili, swali lako la macho, hilo unaweza kulifanyia kazi mwenyewe. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, hivi vya plastiki vinavyouzwa sokoni Mwanjelwa. Mkalishe kwa mito, usimpime akiwa amelala chali. Chagua saa ambayo amechangamka, si baada ya kulishwa wala baada ya dawa ya degedege. Zima redio, watoto watoke. Shika kioo mbele ya uso wake, kama kiganja na nusu kutoka machoni, aone sura yake. Kisogeze taratibu kulia, kushoto, juu, chini, na uangalie kama macho yanafuata bila kuruka. Kioo kinafanya kazi kuliko kitu kingine. Watafiti wa Ubelgiji waliwapima wagonjwa kwa kioo, kwa mtu anayesogea na kwa kitu kinachosogea, na kuna waliofuata sura yao wenyewe huku hawafuati kitu kingine chochote. Kufuata kwa macho ni moja ya dalili za kwanza za fahamu ndogo.

Baada ya hapo jaribu maagizo. Mwambie "fumba macho" au "toa ulimi", kisha nyamaza na usubiri sekunde 10 au 15, maana ubongo ulioumia unachelewa. Tunakosea hapo, tunarudia agizo mara tano mfululizo kama tunamkaripia. Na usitumie "nishike mkono" huku kidole chako kiko kiganjani mwake, kwa sababu hata kichanga anakamata kidole bila kufikiri. Zungumza naye lugha mliyokuwa mnaongea ndani, kama ni Kisafwa basi Kisafwa.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, umemwambia nini, amefanya nini, mara ngapi kati ya ngapi. Mara moja haitoshi kusema yupo, na mara moja haitoshi kusema hayupo. Wataalamu wenyewe wanashauriwa kupima angalau mara 5 ndani ya wiki mbili kabla ya kuamua. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa wenzetu hao wa Ubelgiji: kati ya wagonjwa ambao timu ya madaktari ilikubaliana kwamba hawajitambui, wapatao 4 katika 10 walionekana wanajitambua walipopimwa kwa utaratibu maalumu. Kwa hiyo mama mkwe asikuite mjinga. Na yeye naye mpe daftari, siku moja moja apime yeye, muone kama mnaandika kitu kimoja.

Mwanafunzi wa Udaktari

Naomba nimwongezee sista. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake wa Cambridge walimweka kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, dada wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari, miezi 5 hajaitikia chochote. Wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Halafu: fikiria unatembea nyumbani kwenu chumba hadi chumba. Ubongo wake uliwaka sehemu zile zile zinazowaka kwa mtu asiye mgonjwa. Alikuwa anasikia na anatii, kimya kimya.

Na 2024 utafiti mkubwa zaidi wa Marekani na Ulaya ulikuta kati ya wagonjwa 241 ambao hawakuitikia agizo lolote kitandani, karibu robo walitii kwa ubongo walipopimwa kwa MRI au kwa umeme wa ubongo.

Nesi wa Uyole

Asante sana mwanangu. Malizia na upande wa pili wa utafiti huo huo, maana ndugu wakisoma hapa watauza shamba wakatafute hiyo mashine. Waliwapima pia wagonjwa 112 ambao walikuwa wanaitikia waziwazi, na kati yao 38 tu kwa 100 ndio mashine iliwakamata. Yaani mashine ikinyamaza, haijathibitisha kwamba mtu hayupo. Kwetu hapa kioo, daftari na mtu mwenye subira vinabaki kuwa kipimo chenye thamani kubwa.

Na kinachonisumbua mimi kwenye hiyo robo ni maneno yetu wodini. Nimesikia watu wanagawana pikipiki ya mgonjwa juu ya kitanda chake. Nimesikia hata wenzangu wenye sare wakisema "huyu hatoboi" mguuni pa kitanda. Tuache kabisa. Tokeni nje mkazungumze.

Mzee wa Kanisa, Iringa

Mimi nilisikia Marekani kuna mtu alikaa koma miaka 19 akaamka akamwita mama yake. Tusiwakatishe watu maombi.

Nesi wa Uyole

Shikamoo mzee. Huyo ni Terry Wallis wa Arkansas. Aliumia kwenye ajali ya gari mwaka 1984, mwaka 2003 akasema "Mom". Ni kweli. Ila hakuwa kwenye koma miaka yote hiyo, alikuwa kwenye ile ngazi ya fahamu ndogo, na familia yake haikuacha kumchukua nyumbani mara kwa mara. Watafiti walipomchunguza baadaye waliona dalili kwamba neva za ubongo wake ziliota viunganishi vipya, polepole. Lakini alibaki na ulemavu mkubwa. Namtaja hivyo ili mtu asiuguze akisubiri asubuhi moja mgonjwa ainuke aombe chai. Wanaorejea wanarejea kwa hatua: macho, agizo moja, neno moja, kisha kuchanganyikiwa na hasira, kisha ndiyo mtu.

Maombi mzee wangu sijawahi kuyazuia, wachungaji nawafungulia mlango mwenyewe. Ninachokataa ni kumtoa mgonjwa wodini, mpira umechomolewa, akapelekwe mkesha au kwa mganga milimani, akarudishwa na nimonia.

Boda wa Mafiati

Sista, mwenzetu alidondoka na pikipiki jana usiku hapa mtaa wa Soweto. Alizimia kidogo, akaamka, akacheka, akaendesha mwenyewe hadi kwake. Leo analalamika kichwa na ametapika. Yuko usingizini sasa, mke wake anasema aachwe apumzike.

Nesi wa Uyole

Mwamsheni SASA na mumpeleke hospitali sasa hivi. Msimpe chai, maziwa wala dawa ya maumivu. Mtu anaweza kuzimia, akaamka akaongea vizuri saa kadhaa, wakati damu inajikusanya kati ya fuvu na ubongo. Ikibana vya kutosha anasinzia, mboni moja inakuwa kubwa kuliko nyingine, baada ya hapo muda ni mfupi mno. Ikiwahiwa na daktari wa upasuaji damu inatolewa na wengi wanarudi kazini. Mkimbeba, mtu mmoja ashike kichwa na shingo visipinde. Akizimika njiani na anatapika, mgeuzeni ubavu mwili wote kwa pamoja. Nijulishe mkifika.

Boda wa Mafiati

Tumefika. Wamempeleka CT skani, kupigwa picha ya kichwa.

Nesi wa Uyole

Vizuri sana. Mmoja abaki na simu yenye chaji, na aandike saa aliyoanguka, maana wataiuliza.

Mlezi

Dada nimenunua kioo. Swali la mwisho kwa leo: jirani ananiambia nianze kumpa uji kwa kijiko ili "ubongo upate nguvu", mpira nitoe. Na kuna mtu kaniambia kuna vidonge vya kuamsha.

Nesi wa Uyole

Uji kwa kijiko bado, mdogo wangu. Asiyeweza kumeza kwa kutii, uji unateremkia mapafuni bila hata kukohoa. Mpira ubaki mpaka mtu wa hospitali apime umezaji wake. Kila unapomlisha, kichwa na kifua viinuliwe, abaki hivyo nusu saa baada ya chakula. Mgeuze kila saa 2, usiku na mchana mkipokezana, na uangalie visigino, nyonga na mgongoni chini. Ngozi ikiwa nyekundu na haipauki ukiibonyeza, kidonda kimeanza. Mswaki kinywani mara mbili kwa siku. Nyoosha vidole, viwiko na vifundo vyake taratibu kila siku, maana akirejea akakuta viungo vimekunjamana atakuwa amerejea kwenye mwili usiomtii.

Vidonge, ndiyo, kuna dawa inaitwa amantadini. Mwaka 2012 ilijaribiwa kwa wagonjwa 184 walioumia kichwa, kati ya wiki ya 4 na ya 16, na waliopewa walirejea kwa kasi zaidi ndani ya wiki zile 4 za dawa. Inaweza kuamsha degedege pia, kwa hiyo usiinunue dirishani. Nenda kliniki na daftari lako, mwonyeshe daktari kurasa zile za kioo, kisha umuulize habari ya dawa hiyo. Na mama mkwe mwende naye.